Maswali Yenu, Majibu Yetu: Injini Kubwa za Vita na Kilichozisumbua

Toleo lililopita tuligusia Typhoon, ndege ya kivita ya Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, na injini yake ya Napier Sabre kwa aya moja tu, na barua zimemiminika kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua saba. Walioulizia jeti watustahimilie. Mwezi huu ni pistoni tupu.

Nachonga silinda za malori hapa Changamwe. Mliandika kwamba Sabre haikuwa na valvu, ilikuwa na silivu zinazocheza ndani ya silinda, na kwamba silivu hizo ndizo zilizoiponza. Mimi silivu ya lori nikiikalisha sawasawa inakwenda miaka. Ya kwao ilikuwa na kasoro gani?
*Fundi, Changamwe*

Silivu ya lori imekaa mahali pamoja maisha yake yote. Ya Sabre ilikuwa inatembea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwanza ujue umbo lenyewe. Napier Sabre ilikuwa na silinda 24 zilizolazwa ubavu, 12 juu na 12 chini, kila kundi na krankshafti yake (chuma kinachogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko), na krankshafti zote mbili zikizungusha propela moja kupitia gia. Ujazo wake lita 36.65, boa (upana wa ndani wa silinda) milimita 127, mizunguko 3,700 kwa dakika, ambayo kwa injini ya ukubwa huo ni kasi ya kutisha. Sabre II ilitoa nguvu farasi 2,180, karibu mara mbili ya Merlin iliyokuwa kwenye Spitfire za mwaka 1940.

Kati ya pistoni na silinda palikuwa na bomba jembamba la chuma lenye matundu. Kikono kidogo kililipandisha na kulishusha, na papo hapo kikalizungusha kidogo kulia na kushoto. Tundu la silivu likikutana na tundu la silinda upande mmoja, mchanganyiko wa hewa na petroli unaingia. Likikutana na la upande mwingine, moshi unatoka. Hakuna kamshafti, hakuna springi, na kubwa zaidi, hakuna valvu ya eksozi iliyoiva nyekundu ndani ya chumba cha mwako. Kwa hiyo unaweza kushindilia mchanganyiko zaidi kabla haujalipuka wenyewe.

Unalipia kwa oili. Badala ya tabaka moja ya oili sasa unazo mbili, moja kati ya pistoni na silivu, nyingine kati ya silivu na silinda, na joto la pistoni lazima lipite zote mbili ndipo lifike kwenye maji. Silivu ikipoteza uduara hata kidogo, oili inakamuliwa ikatoka mahali hapo, chuma kinagusa chuma, silivu inashika. Krankshafti haina habari, inaendelea kuvuta. Kikono kinakatika au silivu inapasuka, na vipande vinaishia kwenye pistoni. Injini za mwanzo zilikuwa zikifunguliwa kila baada ya takriban saa 25 tu.

Sasa tazama kipimo, maana hapa fundi wa kuchonga ndiye atakayeelewa upesi. Wewe unaingiza geji ya boa, unapima juu, katikati na chini, kisha unageuza nyuzi 90 na kurudia. Utaratibu huo unakamata umbo la yai na unakamata silinda iliyopanuka upande mmoja. Lakini kuna umbo usiloweza kulikamata hivyo: bomba lenye pembe tatu butu. Pima kipenyo chake upande wowote upendao, kitatoka kile kile, na bado si duara. Ukitaka kuliumbua, lilaze juu ya bloku ya V ya nyuzi 60, weka geji ya mshale juu yake, kisha lizungushe polepole. Mshale utapanda na kushuka mara tatu kwa mzunguko mmoja. Kosa hili huzaliwa hasa kwenye mashine ya kusaga isiyoshika kazi kwa senta, ikiwa haikusetiwa vizuri au imechoka. Kwa bomba jembamba linalotakiwa kutembea, mashine ya kusaga ina uzito kuliko mkono wa fundi, hata awe hodari vipi.

Dawa ilitoka kwa jirani. Kampuni ya Bristol ilikuwa imeuza injini za silivu tangu Perseus ya miaka ya 1930, na ilikuwa imekwisha kulia machozi yake. Silivu zao zilikuwa za chuma cha austeniti (aina ya aloi ya chuma), uso umefanywa mgumu kwa kutiwa naitrojeni. Kwa bahati, injini yao ya Taurus nayo ilikuwa na boa ya milimita 127. Silivu za Taurus zikakerezwa kutosha Sabre, zikawekwa, zikadumu. Baada ya hapo zikaletwa mashine za kusaga za Sundstrand kutoka Marekani, zilizokuwa zimepangiwa kiwanda cha injini cha Pratt & Whitney, ili kazi hiyo ifanyike kwa maelfu. Desemba 1942 kampuni ya English Electric ikaichukua Napier, na usimamizi wa karakana ukabadilika.

Baridi nayo iliongeza lake. Oili ikiganda, silivu 24 zina eneo kubwa mno la kubanduliwa kwa mara moja, na stata ya Coffman ilitumia fataki za baruti kuzungusha injini, yaani ulikuwa na nafasi chache kabla kasha la fataki halijaisha. Rubani au fundi akizidisha kupampu petroli ya kuwashia, petroli inaosha oili kwenye silivu, na injini inawaka ikiwa kavu. Ndiyo maana majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943 mafundi waliamka usiku kuziwasha Typhoon kila baada ya saa chache ili zisipoe.

Kwa maoni yetu mchoro wa Sabre haukuwa na tatizo kubwa. Mwaka 1940 ilipita mtihani wa saa 100, lakini zile zilikuwa injini zilizounganishwa kwa mikono ya mafundi bora, silivu moja moja ikichaguliwa. Iliyovunjika ni ile ya kiwandani.

Nasoma uhandisi wa mitambo Tudor. Mhadhiri wetu alisema injini za B-29, ile ndege kubwa ya mabomu ya Wamarekani, ziliua marubani wengi kuliko adui. Je, ni kweli zilikuwa zinashika moto, na kwa nini hawakusimamisha uzalishaji wakarekebisha?
*Mwanafunzi, Tudor*

Hesabu ya mhadhiri wako tunamwachia mwenyewe. Moto ulikuwa wa kweli.

Injini ni Wright R-3350: silinda 18 katika duara mbili za tisa tisa, moja nyuma ya nyingine, lita 54.9, nguvu farasi 2,200 wakati wa kupaa. Ilinguruma kwa mara ya kwanza mwaka 1937, lakini kwa miaka kadhaa haikupewa kipaumbele. Vita vilipoiva, ndege iliyoitegemea ikawa imekwisha kuagizwa kwa mamia kabla injini haijakomaa. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Viwanda vya ndege, viwanja na mafunzo ya marubani vyote vilikuwa vimepangwa kwa tarehe moja, na injini ndiyo pekee isiyojali tarehe.

Tufuate moto hatua kwa hatua. Hewa inaingia mbele na kupoza silinda za duara la kwanza. Silinda za nyuma zinapata hewa iliyokwisha kupashwa moto, kama abiria wa kiti cha mwisho kwenye matatu anayepumua jasho la waliokaa dirishani. Valvu za eksozi za silinda za nyuma, hasa za juu, ndizo zilizoteseka zaidi. Shina la valvu likizidi joto, oili yake inaungua ikawa masizi, valvu inaanza kukwama kwenye kibomba kinachoongoza shina lake, kisha kichwa kinakatika na kuangukia ndani ya silinda. Pistoni inakipiga mara zaidi ya elfu moja kwa dakika. Hedi inapasuka, au silinda nzima inang'oka na kuchukua mabomba ya oili na petroli pamoja nayo. Sasa una mafuta yanayorushwa juu ya eksozi.

Hadi hapo ni moto wa kawaida, na vizima-moto vingeweza kuutuliza. Tatizo ni kwamba ili kupunguza uzito, sehemu za kasha la injini zilitengenezwa kwa magnesiamu. Ikishaanza kuwaka, magnesiamu hupita nyuzi 3,000 za Selsiasi. Maji huichochea, na kaboni dayoksaidi haiizimi. Nyuma ya injini kuna mhimili mkuu wa bawa, nao ni aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Njia nyingine ya moto ilipitia kabureta. Mchanganyiko haukugawanyika sawa kwa silinda zote 18. Moja inapata petroli tele, nyingine inapata hewa tupu. Silinda yenye petroli kidogo huwaka polepole, mwali unakuwa bado haujazimika valvu ya kuingizia inapofunguka, na moto unarudi nyuma hadi kwenye supachaja, yaani pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini. Dawa ya kudumu ilikuwa kuingiza petroli moja kwa moja ndani ya kila silinda kwa pampu, lakini ilichelewa kufika.

Tarehe 18 Februari 1943 ndege ya pili ya majaribio ilikuwa inarudi uwanja wa Boeing huko Seattle ikiwa na moto kwenye bawa. Ilianguka juu ya kiwanda cha nyama. Rubani Edmund Allen na wenzake 10 walifariki, pamoja na wafanyakazi waliokuwa kiwandani. Aprili 1944, ndege zilizokuwa safarini kwenda India zilizuiwa zisiruke kwa muda baada ya mfululizo wa ajali Karachi, mahali ambapo joto la uwanja peke yake lilizidi nyuzi 45.

Marekebisho yaliyosaidia hayakuwa ya kishujaa. Vikinga-upepo vilitengenezwa upya ili hewa ipelekwe moja kwa moja kwenye valvu ya eksozi badala ya kuzurura kati ya mapezi ya kupozea silinda. Oili iliongezwa kwenye nyumba za roka (vikono vinavyofungua valvu) za silinda za juu kwa mabomba ya kuunganisha. Shina la mapanga ya propela lilivishwa vipande vipana vya kusukuma hewa kuelekea injini. Milango ya kutolea hewa ya moto ilifupishwa, kwa sababu ikifunguliwa wazi ilivuta ndege nyuma na kuitetemesha, hivyo rubani alikuwa akichagua kati ya kupoza injini na kupaa.

Utaratibu wa uwanjani nao ulibadilika. Injini isikae ikinguruma chini bure. Magineto, zinazozalisha cheche za plagi, zikaguliwe ndege ikiwa tayari inakimbia kwenye njia. Na ukishaacha ardhi usikimbilie kupanda, shusha pua kidogo upate kasi, kwa kuwa kasi ndiyo feni yako. Kwa maoni yetu mabadiliko haya ya mkono yaliokoa wengi kabla kipuri chochote kipya hakijafika.

Niko na Probox, Kisauni hadi Mtwapa. Nasikia petroli ya ndege ni okteni 100 na ndiyo iliyoipa Spitfire nguvu. Nikiipata nikaijaza, gari litaongeza mbio?
*Dereva, Kisauni*

Halitaongeza, na utaharibu eksozi yako.

Okteni haihesabu moto uliomo kwenye petroli. Inahesabu ustahimilivu, yaani ni kiasi gani unaweza kuibana na kuipasha moto kabla haijalipuka yenyewe. Faida inakuja tu kama una kitu cha kuongeza mbano. Merlin ilikuwa nacho: supachaja. Kwa petroli ya okteni 87, rubani aliruhusiwa kushindilia hewa hadi pauni 6¼ kwa inchi ya mraba juu ya hewa ya kawaida. Mwaka 1940 petroli ya okteni 100 ilipofika vikosini, kikomo kikapandishwa hadi pauni 12, na injini ile ile ya lita 27 ikatoka takriban farasi 1,030 hadi takriban 1,300 katika vimo vya chini. Hawakubadilisha petroli peke yake. Walibadilisha na kikomo. Probox yako haina supachaja, na mbano wake umeamuliwa na kiwanda. Petroli ya 100 ndani yake ni kumvisha mtu koti Julai ya hapa Mombasa.

Wajapani waliipata shida hii kwa upande wa pili. Nakajima Homare, silinda 18 zilizobanwa katika lita 35.8, ilibuniwa kwa matumaini ya okteni 100. Kilichopatikana kilikuwa karibu 91, ikabidi wanyunyize maji na methanoli ndani ya hewa ili kuipoza. Mfumo wa kunyunyiza ukikosea kidogo, pistoni zinatoboka.

Kuhusu uharibifu: petroli ya ndege ya leo, 100LL, ina madini ya risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Risasi hiyo inaziba katalitiki (kisafishio cha moshi kwenye eksozi) na kuua sensa ya oksijeni. Kenya iliacha risasi kwenye petroli ya magari mwaka 2006 kwa sababu nzuri. Hata ndege zenyewe iliziumiza. Ukiruka kwa nguvu ndogo kwa muda mrefu, risasi inatulia kwenye plagi kama vidonge vya kijivu na plagi inaacha kupiga cheche. Marubani walifundishwa kuongeza nguvu kwa dakika moja kila baada ya muda ili kuichoma itoke.

Nimeona picha ya ndege ya Kijerumani He 177. Inaonekana ina injini mbili, lakini mwenzangu anasema ni nne. Nani mkweli?
*Msomaji, Likoni*

Nyote wawili, ila mwenzako zaidi. Kila upande una DB 606 ya kampuni ya Daimler-Benz, ambayo ni DB 601 mbili za silinda 12 zilizowekwa ubavu kwa ubavu na kuzungusha propela moja kupitia sanduku la gia. Pamoja zilitoa takriban farasi 2,700. Waliamua hivyo kwa sababu wahandisi waliona propela mbili zitapunguza ukinzani wa hewa, na baadaye wakubwa wakataka ndege hiyo nzito ya mabomu iweze pia kupiga mbizi kama ndege ndogo.

Zikikaa bega kwa bega, eksozi za ndani za injini zote mbili zinakutana katikati, mahali ambapo hewa haifiki. Chini yake ni kitako cha kifuniko, ambapo oili na petroli zinazovuja hukusanyika. Hapakuwa na ukuta wa kuzuia moto wa maana, na injini ilisukumwa nyuma karibu kabisa na mhimili wa bawa, hivyo mabomba na nyaya zilibanwa kiasi kwamba fundi hakuweza kuona kiungio kinachovuja hadi atoe vitu vitatu vingine. Zaidi ya hayo, pampu ya kurudisha oili ilivuta hewa pamoja na oili, na juu angani oili ikawa povu. Povu halibebi beringi. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti, inalegea, inatoboa kasha, oili inarukia eksozi.

DB 605, injini nyingine ya kampuni hiyo iliyokaa peke yake kwenye ndege ya kivita ya Messerschmitt, nayo iliugua povu hilo hilo. Kwa miezi mingi marubani walikatazwa kutumia mbano wa juu wa 1.42 ata (kipimo cha Wajerumani cha mbano wa hewa) hadi oili ilipowekewa mtambo wa kuitenganisha na hewa kwa kuizungusha.

Waingereza walijikwaa kwenye wazo lililo karibu na hilo. Rolls-Royce Vulture ilikuwa na silinda 24 katika umbo la X kwenye krankshafti moja, konrodi nne zikishika pini moja. Bolti za kifuniko cha konrodi kubwa zilishindwa, beringi zikakauka. Tofauti ni kwamba wao walikata hasara mapema. Ndege ya mabomu ya Avro Manchester ikaondolewa Vulture mbili, ikawekewa Merlin nne kwenye bawa refu zaidi, ikaruka Januari 1941. Ndiyo Lancaster.

Marehemu baba alifanya kazi Kipevu wakati wa vita, akituhadithia ndege zinazotua majini. Zilikuwa za injini gani, na joto letu halikuzisumbua?
*Mzee, Mji wa Kale*

Mzee wetu, hizo ni Catalina za kikosi cha 209 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza. Kila moja ilikuwa na Pratt & Whitney R-1830 mbili, silinda 14, lita 30, farasi 1,200 kila injini. Si injini za kujivunia nguvu, na ndiyo maana ziliweza kukaa angani saa nyingi juu ya Bahari ya Hindi zikisaka nyambizi bila kuwatesa watu.

Joto lilisumbua, lakini kwa hesabu tu. Hewa ya nyuzi 32 ni nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ya nyuzi 15, na unyevu wetu unapunguza kidogo tena. Kwa ndege iliyojaa mafuta inayojaribu kubanduka majini, asilimia hiyo ni mita nyingi za ziada za kukimbia, na wakati wote huo injini iko kwenye nguvu kamili bila upepo wa kutosha. Chumvi ndiyo iliyokuwa adui wa kila siku. Baada ya kutua, injini na eksozi huoshwa kwa maji matamu, kisha sehemu za magnesiamu na aluminiamu zinakaguliwa kama rangi imebanduka, kwa kuwa chumvi ikipata mwanya hula kutoka ndani.

Uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni Moi International, ulipokea ndege za jeshi la majini la Uingereza baada ya meli zao kuhamia Kilindini mwaka 1942. Manowari ya kubeba ndege Formidable ilikuwa na Albacore, na Albacore ilitumia Bristol Taurus, ile ile ambayo silivu zake ziliiponya Sabre. Taurus yenyewe haikuwa malaika: ilikuwa na sifa ya kuchemka, na Waaustralia walipoanza kuunda ndege ya Beaufort waliiacha wakachukua Twin Wasp, yaani R-1830, dada wa injini za Catalina za baba yako.

Kuna mwanamke yeyote katika habari hizi zenu?
*Msichana wa kidato cha nne, Bamburi*

Yupo, na alitatua tatizo la injini ya Merlin kwa kipande cha shaba kilichotoshea kiganjani. Beatrice Shilling alikuwa mhandisi wa kabureta katika taasisi ya utafiti wa ndege ya Farnborough, na kabla ya vita alikimbiza pikipiki ya Norton kwenye uwanja wa mashindano wa Brooklands zaidi ya maili 100 kwa saa.

Rubani wa Merlin akisukuma pua chini ghafla, petroli katika kabureta inarukia juu, injini inakohoa. Ikiendelea, boya linapoteza mwelekeo, valvu ya petroli inabaki wazi, na injini inazama kwa petroli nyingi. Messerschmitt, yenye pampu ya kuingiza petroli moja kwa moja, ilimkimbia hivyo hivyo. Shilling aliweka kizuizi chenye tundu lililopimwa kupitisha petroli ya nguvu kamili na si tone zaidi, ili injini isizame. Kiliwekwa bila kutoa ndege kazini, na mapema 1941 alizunguka viwanjani na timu yake kukifunga. Kukohoa kwa mwanzo kulibaki, kuzama kukaisha.

Ndege yetu ya mizigo ina injini za duara za zamani. Kila asubuhi rubani anatuamuru tuzungushe propela kwa mkono kabla ya kuwasha. Ni lazima, au ni mazoea ya wazee?
*Msaidizi wa fundi, uwanja wa ndege*

Ni lazima. Silinda za chini zimeelekezwa ardhini, na usiku oili inapenya kwenye ringi za pistoni na kujaa juu yake. Oili haibanwi. Pistoni ikipanda kwa nguvu ya stata ikakuta chumba kimejaa, konrodi inapinda au hedi inapasuka.

Magineto zote zizimwe na ufunguo awe nao aliye kwenye propela, siyo aliye ndani. Mchanganyiko ufungwe kabisa, magurudumu yawekewe vizuizi. Zungusha kuelekea upande wa kawaida wa mzunguko, panga moja moja, mwili ukiwa nje ya njia ya mapanga; injini ya moto inaweza kuruka hata magineto zikiwa zimezimwa, ikiwa waya wa ardhi umekatika. Kwa R-1830 yenye gia ya 16 kwa 9 na propela ya mapanga matatu, krankshafti inamaliza mizunguko miwili baada ya mapanga 3.4 hivi. Yaani mapanga manne ndiyo kiwango cha chini cha kila silinda kupita zamu yake, na wengi huzidisha hadi tisa.

Ukihisi limegonga mahali pagumu, acha hapo. Usilazimishe, usiguse stata, na usirudishe nyuma hata kidogo. Ukirudisha, oili inasukumwa kupitia valvu ya kuingizia hadi kwenye bomba, propela inakuwa laini, unadhani imepona, na injini ikiwaka inaivuta tena yote kwa mkupuo. Toa plagi moja kwenye kila silinda ya chini, iache imwagike, zungusha tena hadi iwe safi, na kagua mabomba ya kuingizia. Konrodi iliyopinda kidogo asubuhi huweza kufanya kazi saa kadhaa kabla ya kukatika angani, kwa hiyo ikiwa mtu alishatumia stata na injini ikasimama ghafla kwa mshindo, isiruke hadi ifunguliwe.

Na kama kila asubuhi mnatoa oili nyingi, msiulaumu mkono wa rubani. Tangi la oili liko juu kuliko injini. Angalieni valvu ya kuzuia oili isishuke usiku. Springi yake imechoka au kuna kipande cha masizi kimekaa kwenye kiti chake.